Mintarafu Kufundisha Kompyuta kwa Watu Wazima Wenye Ugumu wa Kujifunza

Mwalimu amwambiaye mwanafunzi wake "fungua barua yako" hudhani kuwa ametoa amri moja, kumbe ndani ya amri hiyo fupi zimejificha kazi kadhaa: kuweka mkono juu ya kipanya, kukisogeza huku macho yakitazama kiwambo na wala si mkono, kukitafuta kishale kilipo, kukifikisha juu ya alama ndogo iliyokusudiwa, kukituliza hapo, kubofya mara mbili kwa haraka bila ya mkono kutikisika, kisha kungoja, na kungoja nako ni kazi, maana kompyuta aghalabu haijibu papo hapo, na asiyelijua hilo hubofya tena na tena hata akaifungua barua ile ile mara nne. Aliyezoea hazihisi kazi hizo hata moja. Mtu mzima mwenye ugumu wa kujifunza hukabiliwa nazo zote kwa pamoja, hukwama katika moja tu, na kwa kukwama huko huhesabiwa kuwa ameshindwa zote.

Tadbiri ya kuipasua kazi hata zikaonekana hatua zake ni ya zamani kuliko kompyuta za majumbani, na mojawapo ya dalili zake zilizo bora ilipatikana katika breki ya baiskeli. Huko Marekani mtaalamu aitwaye Marc Gold aliingia katika karakana nne zilizotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, akawachukua 64 kati yao, ambao ulemavu wao ulikuwa wa kadiri au mkubwa, akawafundisha kuunganisha breki ile ifungwayo kwa kukanyaga pedali kinyumenyume: kwanza ya vipande 15, kisha ya vipande 24. Vipande vilipangwa mbele yao kwa taratibu ya kutumiwa, na kwa baadhi ya wanafunzi upande wa kila kipande uliopasa kuwaelekea wao ulipakwa rangi nyekundu. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972, waliopewa rangi waliijua kazi upesi kuliko wenzao waliotegemea umbo la kipande peke yake, na karibu wote, wa makundi yote mawili, waliimaliza breki kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo ingewashinda watu wengi wajionao kuwa na akili timamu, wakipewa vile vipande 24 bila ya mpango.

Kilichonivutia zaidi katika mafundisho ya Gold ni namna alivyoyapanga makosa. Alitenga mambo matatu: njia ya kuifanya kazi, hatua zilizomo ndani ya njia hiyo, na namna ya kumfundisha mtu hatua hizo. Mwanafunzi anaposhindwa, mwalimu hubadili kwanza namna yake ya kufundisha. Asipofaulu, huzirudia hatua na kuzigawa vipande vidogo zaidi. Na hata hapo asipofaulu, huiacha njia yenyewe akatafuta nyingine ifikayo mahali pale pale. Katika mpangilio huo wote hapana mlango uliowekwa wa kutokea mwalimu akisema kwamba mtu huyu hafundishiki.

Na tuutumie mpangilio huo kwa kubofya mara mbili, jambo lililowatoa jasho walimu wengi. Kompyuta yenye Windows, kama ilivyotoka kiwandani, hutaka mibofyo hiyo miwili iingie ndani ya nusu sekunde, na kishale kisihame baina yake ila kwa nukta chache mno. Mkono mzito hubofya, husita, hubofya tena, na alama hugeuka rangi tu bila ya kufunguka. Ama mkono wenye wasiwasi hubofya na kuvuta kwa wakati mmoja, hata alama ikahama mahali pake, na mwanafunzi asijue imekwenda wapi. Mwalimu huanza kwa kubadili mafundisho: hupunguza maneno, na kwa idhini ya mwanafunzi huweka mkono wake juu ya mkono wa mwanafunzi, wakabofya pamoja. Kisha huzigawa hatua, akafundisha kutuliza kipanya peke yake, bila ya kubofya kabisa. Kisha hutengeneza mashine, kwa kuwa mwendo huo wa nusu sekunde waweza kurefushwa ukakaribia sekunde nzima. Yote hayo yakishindikana, njia ya kubofya mara mbili huachwa: mwanafunzi hubofya mara moja, alama ikageuka rangi, kisha hubonyeza kitufe cha Enter. Barua hufunguka vile vile. Nimewasikia walimu wakiiita njia hii ya kukwepa, nami sioni ukwepaji wowote, kwani hapana mwajiri wala ndugu amwandikiaye mtu barua ili amwone anabofya mara ngapi.

Rangi nyekundu ya Gold nayo ilihamia katika kipanya. Kibandiko kidogo huwekwa juu ya kitufe cha kushoto, na neno "kushoto", ambalo huwachanganya wengi, halihitajiki tena. Ila kibandiko ni msaada wenye ajali yake, kwani kipanya cha maktaba hakina kibandiko. Yampasa mwalimu akipunguze ukubwa siku baada ya siku hata kiwe nukta, kisha kitoweke; na kazi hii ya kuuondoa msaada ndiyo isahauliwayo sana, pengine kwa sababu mwanafunzi hapo keshaweza na mwalimu amekwisha furahi. Lakini si kila msaada upaswao kuondolewa. Vitufe vya kibodi vimeandikwa herufi kubwa, ilhali kiwamboni hutokea ndogo, na kwa mtu ambaye "G" na "g" kwake ni maumbo mawili yasiyojuana, vibandiko vya herufi ndogo vyaweza kukaa milele wala visimdhuru mtu. Kadhalika zile zana zilizomo katika Windows tangu ile ya mwaka 1995, ambazo huifanya kibodi isijali kitufe kilichokaliwa na kidole kwa muda mrefu, au humwezesha mtu kubonyeza Shift kwanza na herufi baadaye: hizo ni zake daima.

Katika kuunganisha hatua, wengi huanza mwanzo. Walakini kwa wanafunzi hawa mara nyingi hufaa kuanza mwisho. Mwalimu huiwasha kompyuta, huifungua programu, huandika jina la mwanafunzi kwa herufi kubwa za kupendeza, huita amri ya kuchapa, kisha hukaa kando: mwanafunzi hubonyeza Enter tu, na karatasi yenye jina lake hutoka. Somo lifuatalo huongezwa hatua iliyo kabla ya hiyo. Kwa hivyo kila siku mwanafunzi hutoka katika jipya akaingia katika alijualo, na kila somo huishia kwa karatasi mkononi, wakati ambapo yule aliyeanza mwanzo huachwa njiani, amechoka, na kitu hajakiona.

Gold alitaka ukimya: kosa lilijibiwa kwa maneno machache, kama vile "jaribu njia nyingine", na usahihi haukujibiwa kwa neno lolote, kuwa kimya ndiko kukubaliwa. Kwa kazi ya mikono nakubaliana naye, maana maneno mengi ni mzigo juu ya mzigo. Ila mtu mzima hapaswi kusahauliwa kuwa ni mtu mzima. Tanzania ilipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, waliofundishwa kusoma walikuwa wazazi na wakulima, na somo la vibonzo vya paka na mpira lisingewastahi. Ndivyo ilivyo hapa. Mchezo wa karata uliotiwa ndani ya Windows mwaka 1990 hufundisha kuvuta kitu kwa kipanya sawasawa na mchezo wowote wa kitoto, na karata ni mchezo wa watu wazima.

Tadbiri hii ina kikomo, na kikomo chake ni intaneti. Vipande vya breki havihami usiku. Alama za kiwamboni huhama kila programu inapofanywa upya. Tena breki haimdanganyi mtu, bali barua ya tapeli aombaye nywila au pesa huja imevaa sura ya barua ya benki, na hukumu ya kuitambua haikatiki vipande. Iliyo salama zaidi ni kufundisha kitendo badala ya hukumu: mwanafunzi hupewa barua nyingi za mfano, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganywa, na kwa kila iombayo pesa, nambari au neno la siri hufanya jambo lile lile, yaani asijibu, aichape, ampelekee mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Hatua hizo zafundishika kama za breki. Gharama yake ni kwamba barua za mtu mzima huyo sasa husomwa na mwingine, na wa kuulizwa kama aridhia ni yeye, kabla ya somo la kwanza.