Fomu Zilezile, Hesabu Tofauti

Agosti 10, 2022, siku moja baada ya Wakenya kupiga kura, mtazamaji aliyehama kutoka Citizen kwenda NTV, kisha KTN, alikuta kila stesheni na hesabu yake ya urais. Wengi walishuku kuna anayepika matokeo. Ukichunguza kazi ilivyofanywa, hapahitajiki mpishi.

Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa ikiweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, kutoka vituo 46,229, wazi kwa yeyote, lakini jumla haikutoa. Mwaka 2017 ilikuwa kinyume: runinga zilirusha tarakimu za tume yenyewe huku fomu za kuzithibitisha zikichelewa, na Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wa urais.

Safari hii, basi, kujumlisha kukawa mzigo wa vyumba vya habari. Karani anafungua fomu, anasoma mwandiko wa msimamizi wa kituo, anaingiza tarakimu kwenye kompyuta. Tuseme kila fomu yataka dakika mbili: hizo ni zaidi ya saa 1,540 za kazi. Makarani 100 wangekesha saa 15 na ushei bila hata kunywa chai. Kwa hiyo kila stesheni ilibaki nyuma ya tovuti, na kila moja ilibakia mahali pake.

Na Kenya hupiga kura kwa ngome. Anayeanza na fomu za Nyanza atamwona mgombea Raila Odinga akipaa; anayeanza na za Bonde la Ufa atamwona mpinzani wake, William Ruto. Katika kinyang'anyiro kilichoisha kwa asilimia 50.49 za Ruto dhidi ya 48.85 za Odinga, mpangilio wa fomu pekee watosha kumgeuza anayeongoza, bila karani kukosea hata kura moja.

Ndiyo maana asilimia ya kitaifa haikustahili nafasi ile kwenye skrini. Ingefaa kaunti kwa kaunti: Kisumu zimeingizwa fomu ngapi kati ya ngapi, Nakuru je?

Hesabu za stesheni zilipungua kasi, kisha zikakwama kabla ya kukamilika, ilhali karibu fomu zote zilikuwa tayari mtandaoni. Watu wakabaki na uvumi hadi mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, aliposimama Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, kutangaza matokeo Agosti 15. Stesheni zingegawana kaunti 47 na kubadilishana tarakimu, zingemaliza mapema. Zilichagua kushindana, katika ukarani!