Ufundi wa Wimbo wa Popeye

Popeye alizaliwa gazetini mwaka 1929, kwa mkono wa mchoraji E. C. Segar: baharia wa makamo, jicho moja limefumba, vigasha vimevimba, kiko mdomoni. Mwaka 1933 studio ya Max na Dave Fleischer ya New York ilipomwingiza kwenye sinema, alihitaji sauti na wimbo. Wimbo ukatungwa na Sammy Lerner, mtu yuleyule aliyeandika maneno ya Kiingereza ya “Falling in Love Again”, wimbo wa mapenzi alioimba Marlene Dietrich. Kutoka kwa bibi yule mwenye mvuto hadi kwa baharia wa sauti ya kukwaruza ni mbali, na Lerner alifika.

Katuni inaanza kwa “The Sailor’s Hornpipe”, muziki wa kale wa ngoma ya mabaharia, na papo hapo tumeshafika bandarini. Kisha Popeye anaimba majigambo yake. Sikiliza anachojigambia. Si mali, si ukoo, si sura. Anataja kazi yake, anajikubali jinsi alivyo, anawatangazia vita walaghai, na anatueleza bila kuficha nguvu zake zinatoka wapi: kwenye spinachi. Mwaka huo wa 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Shujaa mwenye ngumi zilizotokana na mkebe wa mboga za majani alikuwa shujaa ambaye hata fukara angeweza kumkaribia.

Muziki nao unasema hayohayo. Mapigo yake yanayumba kama mtu aliyezoea sitaha, na maneno ni ya lafudhi ya gatini, sarufi imepinda vile Segar alivyoipinda. Lerner hakumnyoosha baharia wake ili awapendeze wasomi. Na sentensi ya mwisho inapokwisha, kiko kinalia mara mbili. Milio hiyo miwili imeufunga wimbo kabisa, na mtoto asiyejua neno hata moja la Kiingereza anaweza kuitikia.

Tena wimbo haukuishia kufungua katuni. Pigano likiisha, Popeye aliurudia kwa maneno mapya yaliyotokana na kisa cha siku hiyo, akatoa funzo lake kwa mistari michache. Waimbaji walibadilika: William Costello alitangulia, Jack Mercer akapokea mwaka 1935, na mwaka 1980 Robin Williams akauimba katika filamu. Wimbo uliwabeba wote, kwa kuwa ulishonwa kwa kipimo cha Popeye mwenyewe.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Anayetunga wimbo wa mhusika, awe wa watoto, wa redio au wa tangazo, na ajifunze hapa: mpe kazi, mpe msimamo, onyesha nguvu zake zinatoka wapi, kisha mwache aimbe kwa kinywa chake.