Rangi ya 1964 huko Anbangbang

Wageni wengi wanaofika Anbangbang, chini ya mwamba wa Burrungkuy katika hifadhi ya Kakadu, kaskazini mwa Australia, huja kutafuta ukale. Wakiambiwa kwamba kundi kubwa la watu waliochorwa ukutani ni kazi ya mwaka 1964, hamu inawaishia. Kumbe ni mpya!

Neno hilo “mpya” hutamkwa kama kasoro. Mimi silikubali. Hakuna anayesema ngano ni bandia kwa kuwa bibi aliisimulia jana usiku.

Mchoraji ni Najombolmi, Mwaborijini wa eneo hilo aliyewahi kuajiriwa kwenye kambi za wawindaji nyati, akafariki 1967. Kwa mila ya kwao, mchoro uliofifia hupakwa upya na mwenye haki nao. Na mkono wake unatambulika: wanaume na wanawake wamesimama safu, miili myembamba, mistari ya ngeu juu ya weupe. Kwenye matiti ya baadhi ya wanawake kuna vialama vinavyoonyesha kwamba wana maziwa. Wananyonyesha, yaani kuna watoto, kuna kesho. Juu yao, upande wa kulia, yuko Namarrkon, mwenye radi, na mashoka ya mawe viwikoni na magotini. Utepe uliomzunguka ndio umeme wenyewe. Wengi humpita haraka kwa sababu ni mdogo. Kwangu ndiye bora kuliko wote ukutani.

Kinachonisumbua ni uhifadhi. Siku hizi miamba ya Kakadu huwekewa mistari ya silikoni ili maji ya mvua yasipite juu ya rangi. Nisingependa iondolewe. Lakini kazi iliyozoea kupakwa upya sasa imepewa toleo la mwisho, na aliyeamua hivyo si mchoraji.

Huko Kimberley, magharibi zaidi, vijana walipopaka upya michoro ya Wandjina mwaka 1987, walishutumiwa kwamba wanaharibu urithi. David Mowaljarlai, mzee wa Wangarinyin, aliwatetea kwa maandishi: kwao, kuiburudisha michoro hiyo ni wajibu. Shutuma ileile ingemfaa Najombolmi neno kwa neno. Ila yeye alishika brashi yake miaka 15 kabla Kakadu haijatangazwa kuwa hifadhi, na leo tunapiga foleni kumtazama.