Ukuta Unauza Nini Sirisia?

Barabara ya kutoka Chwele kwenda Lwakhakha kupitia Sirisia, magharibi mwa Kenya, ni ya masoko madogo, na katika masoko kama haya maduka hupakwa rangi za kampuni kubwa: kijani cha Safaricom, nyekundu ya Airtel au ya Coca-Cola. Utaratibu wake si mgumu. Kampuni ya matangazo hupatana na mwenye duka, mafundi hupaka ukuta bila malipo, na jina la duka huandikwa kando ya nembo. Wengi hudhani kinachonunuliwa hapo ni macho ya wapita njia. Nionavyo, kinachonunuliwa ni alama ya mahali: ukuta humwambia mtu huduma iko wapi, na hufaulu tu ikiwa huduma hiyo ipo kweli.

Tazama kampuni mbili za simu zinazoshindana, Airtel na Safaricom. KenCell ilianza 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008, kisha Airtel 2010. Majina manne katika miaka kumi, na kila badiliko lilidai kuta zipakwe upya na wateja wajifunze upya. Safaricom ilibaki na jina lake, na huduma yake ya pesa kwa simu, M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007, kijani kikaanza kusomeka kama mahali pa kuweka na kutoa pesa. Ukivuka mpaka Lwakhakha kuingia Uganda, kazi hiyo hufanywa na manjano ya MTN, kwa sababu huko ndiko laini yake inakotumika. Rangi haina nguvu yake yenyewe.

Atakayepinga atasema redio hufika mbali zaidi, na Sulwe FM huzungumza Kibukusu hadi jikoni. Ni kweli, lakini redio humfanya mtu atake huduma, haimwelekezi mlangoni. Mwingine atasema Safaricom ilishinda kwa mtandao na mawakala wengi, si kwa rangi. Nakubali, na hilo ndilo linaloipa hoja hii uzito: wakala akiishiwa floti, yaani akiba ya pesa ya kuhudumia wateja, siku ya soko, ukuta wa kijani humleta mteja kushuhudia kasoro ya kampuni. Kwa hiyo picha za kuta zilizokwisha kupakwa hazitoshi kuwa ripoti ya kazi kwa kampuni inayotangazwa. Kampuni ya matangazo inapaswa kukagua floti kwanza, ndipo ilete rangi, hasa kwa kuwa Katiba ya 2010 imezipa kaunti usimamizi wa matangazo ya nje, na ukuta usiofanya kazi unaweza kutozwa ada sawa na unaofanya.