Miguu ya Bunduki: Sifa za Kiungo Kinachofungika na Kufunguka

Ufundi wa kuifunga bunduki ya kijeshi miguu ya kuegemea, kisha kuifungua miguu hiyo bila kuacha dosari yoyote katika silaha, haujapewa heshima unayostahili, kwa kuwa wanaoandika historia ya vita hushughulika na mtutu, risasi na baruti, na kukipita mbio kile kifaa kidogo cha chuma kinachoning'inia mbele. Kifaa hicho, kitakachoitwa hapa egemeo, ni jozi ya miguu inayoshikizwa upande wa mbele wa bunduki ili mlengaji aliyelala kifudifudi asilazimike kuubeba uzito wa silaha kwa misuli ya mikono yake. Miguu yenyewe ni kazi ambayo fundi yeyote wa chuma aliye makini anaiweza. Kazi ngumu iko juu yake, kwenye kiungo, yaani pale egemeo linaposhikana na bunduki, kwa sababu kiungo hicho kinatakiwa kushika kwa nguvu kana kwamba ni sehemu ya silaha, na papo hapo kiwe tayari kuachia mara askari anapohitaji kuinuka na kukimbia.

Sababu ya kuwapo kwa egemeo imo katika mwili wa binadamu, ambao hautulii. Hata mlengaji aliyebana pumzi, moyo wake unaendelea kupiga, damu inasukuma mishipa ya mkono ulioishika bunduki, na misuli inayobeba uzito huanza kutetemeka baada ya muda mfupi tu. Bunduki yenye urefu wa mita 1, ambayo kitako chake kimetulia begani, ikisogea milimita 1 pale mdomoni, risasi itapotoka kwa takriban sentimita 30 katika shabaha iliyo umbali wa mita 300, na hapo mtu aliyelengwa hatapigwa, au atapigwa mwingine aliyesimama kando yake. Miguu miwili ikiwa mbele na bega likiwa nyuma, silaha inapata nukta tatu za kuegemea, na tatu ndiyo idadi ndogo kabisa inayokifanya kitu kisimame bila kuyumba juu ya ardhi yenye mashimo na mawe.

Wahenga wa ufundi huu walianza na mguu mmoja. Katika karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, bunduki nzito za utambi zilizobebwa na askari wa miguu wa Ulaya zilifikia uzito wa kilo 7 na zaidi, na hakuna mtu aliyeweza kuishikilia silaha ya namna hiyo usawa wa bega huku akingoja amri ya kufyatua. Kwa hiyo kila mpigaji alipewa fimbo ya kimo cha kifua, yenye uma wa chuma juu na ncha kali chini ya kuchomeka ardhini, na bunduki ililazwa juu ya uma huo. Mchoraji wa Kiholanzi Jacob de Gheyn, katika kitabu chake cha kwata kilichochapwa mwaka 1607 chenye picha zaidi ya 100, alionyesha hatua kwa hatua jinsi askari anavyopaswa kuitumia fimbo hiyo, na anayeziangalia picha hizo kwa utulivu huona mkono wa kushoto ukikabidhiwa vitu vitatu kwa wakati mmoja: bunduki yenyewe, utambi unaowaka, na fimbo ya uma. Wakati wa kujaza baruti, fimbo haikuwekwa chini, bali iliachwa ining'inie kwenye kifundo cha mkono kwa kitanzi cha kamba, ili irudi kiganjani papo hapo bila askari kuinama kuitafuta. Kitanzi kile cha kamba kinastahili sifa kuliko uma wa chuma, kwani ndicho kilichoonyesha mapema kwamba egemeo ambalo haliwezi kuachiwa na kurejeshwa upesi ni mzigo tu. Katikati ya karne ya 17 bunduki zilikuwa zimepunguzwa uzito, na fimbo ya uma ikaachwa katika majeshi mengi.

Miguu ilirudi kwa nguvu pamoja na silaha zinazofyatua mfululizo. John Moses Browning wa Marekani alibuni bunduki iliyoingia jeshini mwaka 1918, ambayo ilikuwa nzito kuliko bunduki ya kawaida na nyepesi kuliko bombomu, na mwanzoni haikuwa na miguu kabisa. Muundo wake wa baadaye, uliotumika katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ulipewa miguu iliyofungwa mbele kabisa, kwenye bomba la kuficha mwako lililoko mdomoni, na miguu hiyo peke yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1. Askari wengi waliokwenda nayo vitani waliifungua miguu wakaiacha. Si haki kuwalaumu, kwa maana uzito unaoning'inia kwenye ncha ya silaha ndefu humchosha mbebaji kuliko uzito uleule ukiwa karibu na mwili, na aliyechagua kuifunga miguu pale mdomoni alifikiria mlengaji aliyelala, akamsahau yule anayepanda kilima.

Mfano bora zaidi wa enzi hiyo ni Bren, bombomu jepesi lenye asili ya kazi ya Václav Holek huko Brno, Chekoslovakia, ambalo Waingereza walilitengeneza Enfield. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa nalo, kwa hiyo walikuwako askari wengi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa ambao vidole vyao viliijua miguu yake vizuri. Bren si bunduki ya mtu mmoja kwa maana kamili, lakini kiungo chake kinafundisha jambo ambalo watengenezaji wa bunduki walichelewa kulifuata. Miguu yake haikufungwa kwenye mtutu, bali kwenye ncha ya bomba la gesi lililo chini yake, na bomba hilo ni sehemu ya mwili wa silaha. Mtutu uliopata moto kwa kufyatua mfululizo uliweza kuchomolewa na kupachikwa mwingine wa baridi huku silaha ikiendelea kusimama kwa miguu yake, na uzito wa silaha haukuulemea mtutu.

Hapa inafaa kueleza kwa nini mtutu unahitaji kuachwa huru. Risasi inapopita ndani yake, chuma chote hutetemeka, mdomo wake ukicheza kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho haliwezi kukiona, na risasi hutoka katika hatua fulani ya mchezo huo. Mtetemeko ukiwa uleule kila mara, risasi zote hukusanyika mahali pamoja, na mlengaji anachobakiwa nacho ni kurekebisha kilengeo chake ili mahali hapo pawe ndipo anapopataka. Lakini kitu kigumu kikiugusa mtutu, au kikiusukuma juu kwa nguvu inayobadilika kadiri mlengaji anavyoegemea, mtetemeko hubadilika na mkusanyiko wa risasi huhama. Ndiyo sababu mafundi wa bunduki za kudungulia huuacha mtutu uelee, yaani hushikwa kwenye shina lake tu, bila kuguswa na mbao wala plastiki ya mbele, na egemeo hufungwa kwenye kishikio cha mbele, mbali na chuma kinachotetemeka.

Egemeo la bunduki ya M16, lililotumiwa sana na askari wa Marekani huko Vietnam, lilikwenda kinyume na kanuni hiyo, na bado ni kazi ya kupendeza. Lilikuwa miguu miwili iliyounganishwa kwa springi, lisilo na skrubu, lisilo na bawaba ya kukunjia, lisilorefuka wala kufupika, na wenyewe waliliita kibanio cha nguo kwa kuwa lilifanya kazi vilevile: miguu ikibanwa pamoja kiganjani, taya za juu hufunguka, zikipitishwa juu ya mtutu chini ya nguzo ya kilengeo cha mbele na miguu ikaachiwa, taya huuma. Halikuhitaji kifaa chochote wala mwanga, na uzito wake haukufika nusu kilo. Lilipotolewa, liliingia katika mfuko wa kitambaa pamoja na vifaa vya kusafishia. Kwa askari aliyetakiwa kufyatua mfululizo kuwalinda wenzake wanaposogea, kuhama kidogo kwa mkusanyiko wa risasi hakukuwa na uzito kama ule wa kuweza kulifunga egemeo gizani, kwa mikono yenye matope, katika muda wa pumzi moja. Mtengenezaji wake alijua anamhudumia nani, na ujuzi huo unaonekana katika kila kitu alichokiacha.

Waswisi walifikiri kwa namna nyingine. Bunduki yao ya mwaka 1957, iliyotengenezwa na kiwanda cha SIG, ilipewa miguu inayoweza kuhamishwa kati ya sehemu mbili, mbele karibu na kilengeo au nyuma karibu na mwili wa silaha. Tofauti ya sehemu hizo si ndogo. Miguu ikiwa mbele, umbali kati yake na bega ni mrefu, kwa hiyo kosa dogo la mkono huzaa kosa dogo zaidi mdomoni, na silaha hutulia kwa ajili ya shabaha ya mbali. Ikiwa nyuma, mdomo huzungushwa kwa wepesi kulia na kushoto, jambo linalofaa pale shabaha inapotembea. Waisraeli nao, katika bunduki ya Galil iliyopokewa mwaka 1972, waliipa miguu kazi ya ziada ya kukata waya, wakaongeza na kifungulio cha chupa kwenye kishikio cha mbele.

Tatizo lililobaki kwa miaka mingi lilikuwa kwamba kila egemeo lilizaliwa kwa ajili ya bunduki moja. Kiwanda cha Harris cha Barlow, Kentucky, kilipata njia ya kulipunguza tatizo hilo kwa kutumia kitu ambacho tayari kilikuwa kwenye bunduki nyingi, yaani kile kijiti kidogo chini ya kishikio cha mbele ambapo ukanda wa bunduki hufungwa: taya za egemeo hukibana kijiti hicho, na nati inayokazwa kwa vidole huvuta kila kitu juu hadi mito ya egemeo ikakandamiza kishikio. Bunduki ya kudungulia ya M24 ya jeshi la Marekani ilitumia egemeo la namna hiyo. Hatua kubwa ilikuja Februari 1995, pale kipimo cha reli kilichotayarishwa Picatinny Arsenal, New Jersey, kilipokubaliwa kuwa kanuni ya kijeshi. Reli hiyo ni upau wa chuma wenye kingo zilizopinda kwa ndani na mifereji inayoukata kwa upana wa milimita 5.23, kila mfereji ukiwa milimita 10.01 kutoka kitovu cha mwenzake. Reli za zamani zilikuwa na mifereji pia, lakini nafasi kati yake ilitofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Usawa huo wa kipimo ndio uliomwezesha askari kulitoa egemeo leo na kulirudisha kesho katika mfereji uleule, huku pingili ya chuma ikikaa ndani ya mfereji na kuzuia egemeo lisiteleze bunduki inapopiga teke, yaani inaporudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko.

Hata hivyo chuma kizuri hakitoshi bila mkono unaokijua. Mlengaji aliyefunzwa huisukuma bunduki mbele kidogo kwa bega mpaka miguu ing'ang'anie ardhi na ulegevu wote wa viungo uishe, kisha hufyatua akiwa katika msukumo huohuo kila mara. Juu ya saruji, miguu huruka risasi inapotoka. Juu ya mchanga, huzama. Na asiyezingatia tofauti hiyo ataona risasi zake zikihama akadhani kilengeo kimeharibika. Fundi wa ghala la silaha anayetaka kulipima egemeo jipya hulifunga, akafyatua risasi kadhaa, akalifungua, akalifunga tena, akafyatua nyingine, kisha akapima umbali kati ya vitovu vya makundi hayo mawili kwenye karatasi. Kazi hiyo inafanana sana na uadilifu, kwa maana silaha ni chombo cha kuua, na anayekabidhiwa ana wajibu wa kuhakikisha kwamba risasi haiendi pasipo na amri ya jicho lake.

Mbadala wa miguu, ambao ni mwepesi kuliko egemeo lolote, ni ukanda wa bunduki wenyewe. Ukanda wa ngozi wa muundo wa mwaka 1907 wa jeshi la Marekani uliundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa kulabu za shaba, ili sehemu ya mbele igeuzwe kuwa kitanzi kinachokazwa juu ya kiwiko, na mvutano kati ya mkono na kijiti cha ukanda uigandamanishe silaha na mifupa ya mlengaji badala ya misuli yake. Kuukaza ukanda huo kunachukua muda, na kiwiko kisipokuwa chini kabisa ya bunduki faida yote hupotea; lakini aliyeuzoea hupata utulivu unaokaribia ule wa miguu. Katika mashindano ya bunduki za kijeshi nchini Marekani, ambako miguu hairuhusiwi, walengaji bado huufunga ukanda wa muundo huohuo mkononi kabla ya kulala kwenye mkeka na kuielekea shabaha iliyo umbali wa yadi 600.