Kiswahili "au" Ishara: Kasoro ya Mizani katika Mtaala

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliipa Lugha ya Ishara ya Kenya hadhi ya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Shuleni hali ni nyingine. Katika mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2019, Kiswahili na Lugha ya Ishara zimetengewa nafasi moja: anayesikia husoma Kiswahili, kiziwi husoma Ishara badala yake.

Mpango huu una sifa yake. Ni haki lugha anayoifikiria mtoto iwe somo kamili, wala si haki kumpima kiziwi kwa imla na matamshi. Dosari imo katika neno "au". Neno hilo huchukulia kwamba Kiswahili ni sauti tu, kana kwamba maandishi yake si lugha.

Kumbe mengi ya Kiswahili huonekana kwa jicho. Katika sentensi "Vitabu vile vikubwa vimepotea", upatanisho wa ngeli umejipanga waziwazi kwenye ukurasa. Lugha za ishara nazo huainisha vitu kwa maumbo ya mkono, kwa kufuata wembamba, ubapa au umviringo wa kitu. Mifumo hii miwili si sawa, lakini mwalimu aweza kuanzia katika mmoja ili kuufafanua mwingine.

Ugumu wa kweli umo katika fasihi. Vina huonekana katika maandishi. Tanakali za sauti na vitanza ndimi havionekani. Hata hivyo, ngano inayosimuliwa kwa mikono ina fanani, hadhira na utendaji; inakosa sauti tu. Ikiwa fasili ya fasihi simulizi inaikataa ngano hiyo, basi fasili ndiyo ipasayo kuchunguzwa, si mtoto.

Huenda ikadaiwa kuwa lugha tatu ni mzigo mzito mno kwa kiziwi. Lakini mtaala huohuo humpa mtoto anayesikia, tangu madarasa ya awali, lugha ya kwao, Kiswahili na Kiingereza. Mtaala wenye mizani ungemfundisha kiziwi kwa Ishara, na kumpa Kiswahili cha kusoma na kuandika kwa mtihani usiodai sikio. Bila hilo, atakuwa raia asiyeweza kuisoma lugha ya taifa lake, naye hakuikataa: aliondolewa humo na ratiba.