Gemu za Zamani na za Leo: Nani Anayemaliza Mchezo?

Kuna ubishi usiokwisha baina ya sisi wa rika la miaka hamsini na watoto tuliowalea huku ugenini. Sisi tunasema gemu za zamani zilikuwa na ladha na za leo ni picha tupu. Wao wanatutazama kwa huruma, wanatuonyesha uwanja wa mpira ambamo hata jasho la mchezaji linaonekana shingoni, kisha wanauliza: kile kijitu chenu cha miraba kinachoruka mabomba kitashindana vipi na hiki? Nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zinagombania kivuli. Tofauti kubwa haiko kwenye picha. Iko kwenye swali la nani mwenye haki ya kusema kwamba mchezo umekwisha.

Kwa kuwa mimi ni mhandisi, mniruhusu nianze na mashine. Katika kazi yetu, fundi hubana kile kilicho haba. Penye uhaba wa maji, kila ndoo ina hesabu yake. Penye bomba linalotiririka usiku na mchana, hakuna anayehesabu. Kwa hiyo ukitaka kuielewa kazi ya fundi yeyote, usiulize tu alikuwa na nini. Uliza alikosa nini.

Waliotengeneza gemu miaka ya themanini walikosa kumbukumbu. Tuchukue Super Mario Bros. ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1985 chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto. Wengi wetu hatukukutana nayo kwenye mashine yake halisi. Tuliikuta kwenye zile mashine za kuiga zilizouzwa madukani, zenye kaseti iliyoandikwa kwamba ina mamia ya gemu, na ukizihesabu ni chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Gemu hiyo nzima, pamoja na ramani zake zote 32, picha na muziki, ilienea katika kilobaiti 40. Picha moja ya harusi mnayotumiana kwa simu inaizidi. Kwa kulinganisha, Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 inahitaji gigabaiti 150 kwenye kompyuta, yaani zaidi ya mara milioni tatu.

Uhaba huo ulizaa nidhamu. Angalieni vizuri mandhari ya Mario: kichaka cha kijani kilichoko chini na wingu jeupe lililoko juu ni mchoro ule ule mmoja, uliobadilishwa rangi. Angalieni pia mchezo unavyoanza. Mario amesimama upande wa kushoto, na nafasi tupu iko kulia. Hakuna maelezo yoyote, lakini unajua uende wapi. Hatua chache mbele anakuja adui mdogo mwenye umbo la uyoga na uso wa hasira. Usiporuka unakufa, na hasara yako ni sekunde chache. Ukiruka, huenda ukagonga sanduku lenye alama ya kuuliza. Uyoga mwingine unachomoza, unateleza kuelekea kulia, unagonga bomba, unarudi ulipo wewe. Hata ukitaka kuukimbia ni taabu. Ukikugusa, unakua. Ndani ya nusu dakika mchezaji amejifunza kuruka, kuogopa, kupekua na kufurahi, bila ya kusoma hata neno moja. Ndiyo sababu mtoto wa Tanga asiyejua Kiingereza wala Kijapani aliweza kuicheza sawasawa na mtoto wa Osaka.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitengeneza Space Invaders. Maadui 55 wanashuka kwa safu, na kadiri unavyowapunguza ndivyo waliobaki wanavyozidi kasi, mpaka yule wa mwisho anakimbia kama mwizi aliyepigiwa kelele. Kasi ile ilianza kama udhaifu wa prosesa: ikiwa na maadui wengi wa kuchora ilichelewa, wakipungua ikapata nafuu. Nishikado aliuona udhaifu ule, akauacha makusudi, nao ukawa roho ya mchezo. Huo ndio usanii ninaouheshimu.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba zamani ilikuwa pepo. Space Invaders haikuwa gemu ya nyumbani mwanzoni. Ilikuwa mashine ya ukumbini, yenye tundu la sarafu, na mwenye mashine aliishi kwa sarafu zile. Mchezaji aliyekaa nusu saa kwa sarafu moja alikuwa hasara. Ugumu tunaousifu leo kana kwamba ulikuwa malezi bora, kwa sehemu kubwa ulikuwa hesabu ya biashara. Mwaka 1985 kampuni ya Atari Games ilitoa Gauntlet, ambamo uhai wa mchezaji unapungua wenyewe kila sekunde, hata akiwa amesimama tu, na njia mojawapo ya kuuongeza ni kutia sarafu nyingine. Ni kama teksi yenye mita inayosoma hata ukiwa kwenye foleni. Kwa hiyo anayesema kwamba tamaa imeingia kwenye gemu juzi juzi haijui historia yake.

Lakini baina ya enzi ya sarafu na enzi hii yetu kulipita kipindi cha pekee, enzi ya kaseti na baadaye diski. Mnunuzi alilipa mara moja dukani, akaenda zake. Tangu hapo mtengenezaji hakupata senti zaidi kwa kukuweka macho hadi usiku wa manane, wala hakuwa na njia ya kukufuata nyumbani. Alichoweza ni kuifanya gemu iwe nzuri kiasi cha kukufanya ununue nyingine siku za mbele. Mario anapofika ngome ya mwisho na kumkomboa binti mfalme, kazi imekwisha. Unazima, unatoka nje. Na kaseti ilikuwa mali yako: uliweza kumwazima jirani, kuiuza, au kuiweka kabatini miaka ishirini na kuikuta vile vile.

Diski nayo ilikuwa hivyo hivyo. Waliokulia Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavikumbuka vibanda vya PlayStation, ambapo vijana walilipia mechi moja moja ya mpira. Ni kweli kwamba hapo tundu la sarafu lilikuwa limerudi, ila aliyepokea pesa alikuwa kijana wa mtaani mwenye televisheni mbili na ujasiri wa kupambana na umeme wa mgawo. Kampuni iliyotengeneza gemu haikuwa na habari wala amri juu yake.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Kumbukumbu imekuwa rahisi kuliko karatasi na prosesa zina nguvu za kupita kiasi. Je, mtengenezaji wa leo amekosa nini? Amekosa muda wako. Saa za siku hazijaongezeka, na wanaozigombania ni wengi. Kwa hiyo ufundi ule ule uliokuwa ukibana baiti leo unabana dakika zako na mfuko wako. Fortnite, iliyotoka mwaka 2017, haina kiingilio. Mtoto anacheza bure. Lakini kila msimu una mavazi yake na zawadi zake, na hadi mwaka 2024 msimu ukipita aliyezikosa alikuwa amezikosa. Hakuna ngome ya mwisho wala binti mfalme. Mwezi Desemba 2022 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games, wenye gemu hiyo, wamekubali kulipa jumla ya dola milioni 520. Milioni 275 zilihusu faragha ya watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, kwa madai kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya watu watozwe pesa bila kukusudia. Miyamoto aliupanga uyoga ukurudie ili ujifunze. Hapa, kwa mujibu wa madai hayo, kitufe kilipangwa ili ulipe. Ujuzi wa kuongoza kidole cha mchezaji ni ule ule; nia ndiyo iliyobadilika.

Gemu za mpira, ambazo ndizo zinazopendwa zaidi majumbani mwetu, zimefuata njia hiyo. Katika mfululizo wa FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, kuna sehemu ya Ultimate Team. Mtoto anafungua pakiti bila kujua ndani yake kuna mchezaji gani. Anaweza kuzipata kwa kucheza sana au kwa pesa halisi. Akishajenga kikosi cha ndoto zake, toleo la mwaka unaofuata linatoka na kikosi kile hakihami naye. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari, na kampuni ikaacha kuuza pointi zake huko mwanzoni mwa 2019. Mzazi asiyeruhusu karata za pesa sebuleni kwake ana haki ya kulijua hili.

Jambo lililonisukuma kuandika, hata hivyo, ni kubwa kuliko pesa. Mwaka 2014 Ubisoft ilitoa The Crew, gemu ya magari iliyomwezesha mtu kuivuka Marekani nzima kwa usukani. Watu waliinunua kama walivyonunua kaseti zamani. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva zake, na gemu ikafa, hata kwa aliyekuwa akiendesha peke yake bila mshindani, hata kwa mwenye diski mkononi. Mwaka huo huo Sony ilitoa Concord tarehe 23 Agosti na kuifunga tarehe 6 Septemba. Wateja walirudishiwa pesa zao, lakini kazi ya miaka ya mamia ya watu ilitoweka ndani ya wiki mbili. Kampeni ya kuzuia gemu zilizouzwa zisiuawe namna hiyo ilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja katika Umoja wa Ulaya kufikia Julai 2025. Huko California, sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi kwamba anachopewa ni leseni, si mali.

Msije mkadhani kwamba za zamani ziko salama. Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Lakini gemu ya zamani iliyokosekana dukani bado inaweza kuwa hai kwenye kabati la mtu. Ile iliyokuwa ikiishi kwenye seva haina kabati.

Haki iwekwe mahali pake. Kuna gemu za leo ambazo zamani haikuweza kuziota. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ina mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wenye ulemavu, na mtu asiyeona kabisa anaweza kuifikisha mwisho kwa kusikiliza. Gemu zetu za kaseti zilimfungia mlango mtu huyo bila hata kumfikiria. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 inakupa upepo, moto na mvua vinavyofuata kanuni zao, kisha inakuachia ugundue mwenyewe kwamba nyasi zikiwaka zinainua hewa ya kukupeperusha juu. Stardew Valley ya 2016, inayohusu kilimo na ujirani, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone. Zote tatu unanunua mara moja, unaweza kucheza peke yako bila mtandao, na hakuna anayekudai kila msimu. Kwa hiyo mpaka ninaouchora haupiti baina ya mwaka huu na ule. Unapita baina ya gemu unayokabidhiwa na gemu unayokodishwa.

Sisi Waswahili tunao mfano wetu wa kale. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ukikosa ubao, unachimba mashimo mchangani; ukikosa kete, unaokota mawe. Kanuni zake zimehifadhiwa vichwani mwa wachezaji, wala hakuna wa kuamka asubuhi na kutangaza kwamba bao limefungwa. Ndiyo maana limefika kwetu kutoka kwa mababu. Sidai kwamba gemu ya kompyuta iwe bao. Ila mchezo ambao wajukuu hawataweza kuucheza hata wakitaka, tuulipie kama tunavyolipia tiketi ya sinema, tusiulipie kama tununuavyo nyumba.

Basi kabla ya kumnunulia mtoto, ulizeni mambo matatu. Je, inachezeka mtandao ukikatwa? Je, ina mwisho, au imetengenezwa isiwe nao? Je, baada ya kulipwa bei yake, itarudi kuomba tena? Wanangu hawanipendi ninapouliza maswali haya dukani, lakini sasa na wao wanayauliza, na mara mbili wamerudisha kitu rafuni wenyewe. Kama mtoto wenu anataka kucheza na wenzake shuleni ile ya misimu, si haramu. Mwambieni tu mapema kwamba ile ni ya kupanga, na siku mwenye nyumba akitaka nyumba yake hakuna wa kumlalamikia. Walio na maoni tofauti, hasa vijana, nawaomba waandike. Ukurasa huu ni wetu sote.

Wasalaam.